Katuni za Bure Darasani: Nani Anafanya Kazi, Mwalimu au Mwanafunzi?

Mwalimu wa leo akitaka katuni ya kufundishia hana haja ya kujua kuchora. Powtoon na Animaker zinampa wahusika waliokwisha kuchorwa, mandhari ya darasa au ofisi, na vitufe vya kuwafanya watembee, washangae au wanyooshe kidole ubaoni. Canva inawapa walimu wa shule za msingi na sekondari toleo lake la elimu bila malipo. Voki, iliyobuniwa na kampuni ya Oddcast ya New York, iliwazoesha walimu wa lugha kwa avata: kichwa cha mtu, mnyama au kiumbe wa ajabu kinachofumbua mdomo na kusema ulichokiandika au ulichokirekodi. Desemba 2021 Meta nayo ilileta mtandaoni jaribio liitwalo Animated Drawings. Mtoto anaupiga picha mchoro wake wa mtu, anasahihisha mahali pa viwiko na magoti, na mchoro uleule, pamoja na kichwa chake kikubwa na miguu yake ya kupinda, unaanza kurukaruka na kucheza dansi.

Yote hayo ni bure, au yanajiita bure. Haishangazi kwamba walimu wanapokutana kwenye semina swali la kwanza huwa ni programu ipi nzuri kuliko nyingine. Swali hilo lina nafasi yake, lakini kuna jingine linalostahili kutangulia: katuni ikishakamilika, ni nani aliyetumia akili kuitengeneza?

Imani kwamba picha inayotembea hufundisha kuliko picha iliyotulia ni ya zamani, na watafiti hawakuiacha ipite bila kuikagua. Mwaka 2002 Barbara Tversky na wenzake wawili, Julie Bauer Morrison na Mireille Bétrancourt, walipitia tafiti zilizokuwa zimelinganisha aina hizo mbili za picha. Waligundua kwamba pale katuni ilipoonekana kushinda, mara nyingi ilikuwa imebeba maelezo ambayo picha tuli haikupewa. Mashindano hayakuwa ya haki. Waliona pia udhaifu ambao kila mwanafunzi anaujua: katuni inapita. Ukiinama kuokota kalamu, hatua muhimu imeshakwenda. Mchoro ulioko ubaoni au kitabuni unakungoja.

Miaka mitano baadaye Tim Höffler na Detlev Leutner wa Ujerumani walikusanya milinganisho 76 kutoka tafiti 26. Safari hii katuni ilipata ushindi, ila wa kiasi: 0.37, katika kipimo ambacho 0.2 huhesabiwa kuwa ndogo na 0.8 kubwa. Kilichovutia zaidi ni mahali faida hiyo ilipojikusanya. Ilipanda sana pale somo lilipohusu kazi ya mikono, yaani mambo ya kufunga, kuunganisha na kupanga hatua kwa hatua, na pale katuni ilipoonyesha kitu chenyewe kinachofundishwa. Katuni ya kupamba tu haikuwa na la kujivunia.

Hapo ndipo programu nyingi za bure zinapomponza mwalimu. Tuchukue somo la mzunguko wa maji lililotengenezwa kwa kiolezo cha kawaida. Kushoto kuna mwalimu wa katuni mwenye miwani, anapunga mkono bila kuchoka. Nyuma yake unapigwa muziki mchangamfu wa matangazo ya biashara. Neno "uvukizaji" linaingia likizunguka kama pia, sauti inalisoma, na chini yake sentensi ileile imeandikwa neno kwa neno. Maji yenyewe, yale yanayopaswa kupanda, kupoa na kurudi ardhini, ni picha moja ndogo iliyosimama pembeni. Richard Mayer wa Chuo Kikuu cha California, Santa Barbara, ametumia miongo kadhaa kuonyesha kwamba vikorombwezo vya namna hiyo hupunguza kujifunza: macho na masikio yana nafasi ndogo, na kila kinachoingia bila kazi kinakalia kiti cha chenye kazi. Kwa maneno mengine, katika video hiyo kitu pekee kilichostahili kutembea ndicho kilichosimama.

Tena katuni nzuri za kutazama zipo tayari, na zimetengenezwa na watu wanaoifanya kazi hiyo kila siku. Shirika la Ubongo la Dar es Salaam lilianza kurusha Ubongo Kids kupitia TBC Januari 2014, kisha likaleta Akili and Me kwa watoto ambao hawajaanza shule. Dina Borzekowski wa Chuo Kikuu cha Maryland alikwenda Morogoro kupima kama Akili, mhusika mkuu wa kipindi hicho, anafundisha kweli, na matokeo aliyoyachapisha mwaka 2018 yalionyesha kwamba watoto waliomtazama waliwazidi wenzao waliotazama vipindi vingine katika mambo kama kuhesabu, kutambua namba na maumbo, na kuchora. Tai Tanzania nao wametengeneza katuni za Kiswahili za pande tatu kwa vijana, ikiwemo Harakati za Lucy inayozungumzia hedhi, mada ambayo walimu wengi huipita kwa haraka. Mwalimu anayekesha Jumapili usiku akihangaika na Animaker ili ashindane na studio nzima anajitesa bure. Kama lengo ni watoto watazame, awaonyeshe zilizopo.

Avata ni habari tofauti kidogo. Mwaka 1997 James Lester na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la North Carolina walimweka mdudu wa katuni aitwaye Herman ndani ya programu ya kufundisha mimea, wakawapa wanafunzi 100. Wanafunzi walimpenda, na hata alipokuwa na msaada mdogo waliona uzoefu wao wa kujifunza ni mzuri. Tangu hapo wauzaji wa programu wamelishikilia jambo hilo kwa mikono miwili. Lakini kumpenda mhusika na kuelewa mmea ni mambo mawili, na tafiti za baadaye hazikukubaliana kama kuiona sura ya avata ikisema kunaongeza uelewa kuliko kuisikia sauti peke yake. Mwalimu anayeweka kichwa kinachoongea juu ya kila slaidi anaongeza uchangamfu wa dakika chache.

Avata inaonyesha thamani yake mwanafunzi anapokuwa ndiye aliye nyuma yake. Fikiria mtoto wa Tanzania aliyesoma shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili, kisha akaingia kidato cha kwanza na kukuta masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Kuinuka mbele ya darasa na kusema sentensi tatu ni kujitia kitanzi. Akikosea "she go", kicheko kinamfuata hadi mapumziko. Akipewa avata, anairekodi sentensi yake, anaisikiliza, anagundua mwenyewe kwamba kuna kitu hakijakaa sawa, anairudia. Darasa linasikia toleo la nne, tena kutoka kwenye mdomo wa kobe mwenye kofia. Wakicheka, wanamcheka kobe. Faida yote iko kwenye yale matoleo matatu ambayo hakuna aliyeyasikia.

Watafiti wa Vanderbilt na Stanford waliligeuza jambo hili kuwa programu kamili, Betty's Brain, ambamo mwanafunzi hafundishwi na avata, yeye ndiye anayeifundisha. Betty, yaani avata hiyo, akifeli mtihani, aliyemfundisha anarudi kusoma. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, watoto walijibidiisha zaidi kwa ajili ya wanafunzi wao wa katuni kuliko walivyojibidiisha kwa ajili yao wenyewe. Mwalimu hahitaji Betty kulijaribu hilo. Inatosha kuwaambia darasa la sita kwamba mhusika wao wa katuni hajui kwa nini mwezi hubadilika umbo, na kwamba ana sekunde arobaini za kueleweshwa.

Suala la sauti linamgusa msemaji wa Kiswahili kwa namna ya pekee. Programu nyingi za aina hii husoma maandishi kwa mashine, na mashine iliyofunzwa Kiingereza ikipewa "ng'ombe anakunywa maji" hutoa kitu ambacho ng'ombe mwenyewe asingekitambua. Hali inabadilika: Microsoft ina sauti za mashine za Kiswahili cha Kenya, Zuri na Rafiki, na cha Tanzania, Rehema na Daudi. Lakini hazimo katika kila programu ya bure. Scratch, kwa mfano, inaweza kutumika kwa Kiswahili kwenye vitufe na vipande vyake vya amri, ilhali sehemu yake ya kusoma maandishi kwa sauti haina Kiswahili. Kwa bahati nzuri ina kinasa sauti. Tafiti za mwanzoni mwa miaka ya 2000, zikiwemo za Mayer, ziliona kwamba wanafunzi walijifunza vizuri zaidi kwa sauti ya binadamu kuliko ya mashine ya wakati ule. Basi sauti ya mtoto wa Tanga au Kisumu, pamoja na lafudhi yake, ndiyo suluhisho la haraka, na huenda ndilo bora.

Tukirudi kwenye swali la nani anayetumia akili, hakuna mfano mzuri kuliko filamu ya picha moja moja, ile ambayo vitu husogezwa kidogo kidogo na kupigwa picha kila vinaposogezwa. Vifaa ni simu moja au kishikwambi kimoja, programu ya bure kama Stop Motion Studio, karatasi ya manila, na nyuzi za kufumia za rangi mbili. Somo ni mgawanyiko wa seli. Uzi uliokunjwa pamoja kama alama ya X ni kromosomu. Duara lililochorwa kwa kalamu ni utando wa seli. Kwa picha tano kwa sekunde, filamu ya sekunde thelathini inadai picha 150, na kati ya picha moja na nyingine kila uzi unasogezwa upana wa kidole tu.

Kazi hiyo ya polepole ndiyo somo. Kitabuni, hatua za mitosisi ni michoro mitano yenye majina magumu, na mwanafunzi anaweza kuikariri bila kujua kinachotokea kati ya mchoro wa pili na wa tatu. Kwenye manila hawezi kuruka. Lazima aamue: nyuzi zinajipanga katikati kwanza au zinaachana kwanza? Zinavutwa na nini? Utando wa kiini unatoweka lini? Kundi lililozitenganisha nyuzi kabla ya kuzipanga mstari linajikuta kwenye picha ya 90 likiwa na kromosomu nne upande mmoja na mbili upande wa pili, na hapo ugomvi wa kweli wa kibiolojia unaanza bila mwalimu kufungua mdomo. Mwalimu naye akiitazama filamu hiyo anaona kosa liliko kwa uwazi ambao insha ya ukurasa mzima isingempa.

Scratch inafanya jambo hilohilo kwa njia ya amri. Ilizinduliwa mwaka 2007 na kundi la Mitchel Resnick katika MIT, na leo watumiaji waliojisajili wamepita milioni 100. Mwanafunzi anayetaka kuonyesha mzunguko wa damu anaunganisha vipande vya amri kumwelekeza mhusika wake, tone jekundu, kupita atriamu ya kulia, ventrikali ya kulia, mapafu, kisha kurudi upande wa kushoto wa moyo. Rangi ya tone ibadilike wapi? Asiyejua kwamba oksijeni inapatikana mapafuni hana pa kuiweka amri hiyo. Kenya iliona uzito wa ujuzi wa aina hii, na mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, iliidhinisha mtaala wa usimbaji kwa shule za msingi na sekondari. Lakini Scratch si lazima ikae kwenye kipindi cha kompyuta. Inafaa kwenye historia, jiografia na fasihi simulizi, popote penye mfuatano wa matukio.

Lawama ya kawaida dhidi ya haya yote ni muda, na ni lawama ya haki. Filamu ya nyuzi inakula vipindi viwili au vitatu kwa mada ambayo ubaoni ingechukua kimoja, na silabasi haingoji. Mwalimu mwenye busara hafanyi hivyo kwa kila mada. Anachagua mbili kwa muhula, zile ambazo kila mwaka wanafunzi wanazikariri na kufeli.

Sasa tuje kwenye bei ya bure. Xtranormal ilipendwa mno na walimu kwa kuwa iliwaruhusu kuandika mazungumzo na kuona wahusika wakiyasema. Ilifungwa mwaka 2013. GoAnimate ilikuwa na toleo la shule; kampuni ikajibadilisha jina kuwa Vyond mwaka 2018, ikageukia wateja wa makampuni, na mwaka 2019 toleo la shule likazikwa. Kisha kikaja kifo kikubwa zaidi. Teknolojia ya Flash, iliyobeba katuni na michezo mingi ya kielimu mtandaoni, iliachwa na Adobe mwishoni mwa 2020, na Januari 12, 2021 maudhui yake yakazuiwa kabisa. Mwalimu aliyekuwa ameweka kazi za miaka kwenye tovuti ya namna hiyo alibaki na viungo vilivyokufa.

Hata zinapokuwa hai, huduma za bure zina namna yake ya kudai. Powtoon na Animaker hubandika nembo yao kwenye video ya asiyelipa. Muda wa video unabanwa, wahusika wazuri wanafungiwa kwa kufuli, na kila kitu kinahitaji intaneti. Shuleni ambako bando linanunuliwa na mwalimu kutoka mfukoni mwake, programu inayofanya kazi mtandaoni tu ina bei, na bei hiyo inalipwa kila kipindi.

Ndiyo maana programu zinazopakuliwa mara moja zinastahili kipaumbele kuliko zinavyopewa katika orodha za mitandaoni. Scratch ina toleo la kutumia bila intaneti. ScratchJr, ya watoto wa miaka 5 hadi 7, nayo pia. Majaribio ya sayansi ya PhET, kutoka Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, yanapakuliwa, na mengine yametafsiriwa kwa Kiswahili. Kwa wanafunzi wakubwa wenye kompyuta yenye nguvu kuna Blender, ambayo ni bure na ambayo msimbo wake ulifunguliwa kwa umma mwaka 2002. Filamu ya Latvia iitwayo Flow, iliyotengenezwa kwa Blender, ilitwaa tuzo ya Oscar ya katuni bora mwaka 2025. Bado Blender ni ngumu, na kuipeleka darasa la tano ni kuwakatisha watoto tamaa.

Faragha ya watoto ndiyo sehemu ambayo walimu wengi wanaikanyaga bila kujua. Sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inazibana kampuni zinazokusanya taarifa za watoto walio chini ya miaka 13 mtandaoni, na kwa sababu hiyo huduma nyingi huandika umri huo kwenye masharti yao. Kufungulia darasa la nne akaunti kwa umri wa uongo ni kuvunja masharti hayo na kuwafundisha watoto kudanganya kwa pamoja. Nyumbani pia sheria zipo: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania, ya mwaka 2022, ilianza kutumika Mei 1, 2023. Mwezi Septemba mwaka huohuo shule moja ya Nairobi ilipigwa faini ya shilingi 4,550,000 za Kenya kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Kwa upande huu avata ni rafiki, maana inamwezesha mtoto kuonyesha kazi yake bila kuonyesha uso wake. Isisahaulike tu kwamba sauti yake nayo ni taarifa yake.

Akili unde imeongeza moto kwenye mjadala. Kampuni kama D-ID, HeyGen na Synthesia zinaweza kuifanya sura ya mtu iongee, na baadhi yao zinahitaji picha moja tu. Kishawishi kwenye somo la historia ni kikubwa: kwa nini Mwalimu Nyerere asiingie darasani na kueleza Azimio la Arusha mwenyewe? Kwa sababu sauti yake halisi ipo kwenye kanda, na mtoto anayemwona akisema sentensi zilizotungwa jana hana njia ya kutofautisha. Wanafunzi wakitaka kumwigiza, wachore katuni inayojulikana wazi kuwa ni katuni, na kila sentensi wanayomwekea waionyeshe ilikotoka, hotuba gani, mwaka gani. Zoezi hilo ni gumu kuliko kubofya kitufe, na ndivyo inavyotakiwa.

Vifaa navyo haviko mbali kama inavyodhaniwa. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya Tanzania ya mwaka 2022 viligawiwa walimu. Mwalimu mwenye kimoja na darasa la watoto 60 awagawe makundi kumi. Tisa yaandike maneno ya wahusika na kuchora hatua kwenye daftari huku moja likipiga picha, kisha wapokezane. Daftari zibaki shuleni na video zihifadhiwe kwenye kadi ya kumbukumbu, maana tovuti hufungwa. Na anayeogopa kuanza na makubwa aanze na ScratchJr: inaingia kwenye kishikwambi cha Android, haidai akaunti, na ikishapakuliwa haidai bando.